Nyaya za Kompyuta Katika Ofisi ya Ushirika



Juma hili twaweka kando mazungumzo yetu ya mabati na saruji, maana imetufikia barua ya mwenyekiti wa chama kimoja cha ushirika cha wakulima wa kahawa. Jina lake hatulitaji, wala la chama chake, kama alivyoomba. Chama kimenunua kompyuta sita: nne za ofisini, moja ya banda la mizani, na moja ya ghala. Sasa wataka kuziunganisha kwa nyaya zipate kusemezana. Wameita mafundi wawili, kila mmoja ameandika makadirio yake. Makadirio ya fundi wa mjini ni karibu mara mbili ya yale ya fundi wa pili, ambaye ni kijana wa hapo hapo kijijini, aliyesoma chuo cha ufundi kwa ada waliyochanga jamaa zake. Halmashauri imegawanyika. Wengine wasema, kijana ni wetu, na waya ni waya. Bwana Mwenyekiti auliza: Je, ni kweli, waya ni waya?

La, sivyo. Lakini si kweli vilevile kwamba fundi wa bei kubwa ndiye fundi mwema. Tutazame jambo lenyewe.

Kwanza watu wajue fedha hii yaenda wapi. Mkulima huleta kahawa mbivu mizanini, karani huandika kilo zake, na hesabu hiyo hukimbia kwa waya mpaka ofisini, ambako ndiko malipo yafanyikapo. Waya ukiwa mbovu haukatiki kabisa, na hiyo ndiyo hila yake. Hesabu hutumwa, hupotea nusu, hutumwa tena, na karani hukaa akitazama kioo. Mstari wa watu warefuka. Jua lachwa, na kahawa mbivu haingoji: yataka kukobolewa siku ile ile, isije ikachachuka na kushuka daraja. Basi mama aliyebeba debe lake tangu alfajiri ndiye alipaye gharama ya waya mbovu, wala jina lake halimo katika makadirio ya fundi ye yote.

Mjumbe mmoja, asema mwenyekiti, ametaka waachane na nyaya kabisa, watumie mtandao wa hewani kama simu. Hilo si wazo baya kwa wageni na kwa simu za mkononi. Lakini kuta za mawe na mabati huzuia mawimbi hayo, na watu wengi wakitumia pamoja kila mtu hupata kidogo. Meza isiyohama na ipewe waya wake.

Sasa waya wenyewe. Ukichuna ganda la kebo ya mtandao utaona ndani nyaya nane nyembamba, zimesokotwa mbili mbili, jozi nne: ya rangi ya chungwa, ya kijani, ya buluu na ya kahawia. Kila waya wa rangi una mwenzake mweupe mwenye mstari wa rangi ile ile. Kusokotwa huko si pambo. Bwana Alexander Graham Bell, ambaye wengi wamjua kwa simu, alipata hati ya serikali ya Marekani mwaka 1881 kwa maarifa hayo hayo. Nyaya mbili zikienda sambamba bila kusokotwa, moja huwa karibu zaidi na waya wa umeme uliopo jirani, nayo hupokea kelele nyingi kuliko mwenzake. Zikisokotwa, hubadilishana nafasi kila mara, zote mbili hupokea kelele sawasawa, na mashine iliyo mwishoni hutazama tofauti kati yao tu. Kelele iliyo sawa hufutana. Tena kila jozi imesokotwa kwa mzunguko wake, nyingine kaza zaidi, nyingine legelege, ili jozi zenyewe zisisikilizane. Mama zetu wasukao ukili wataelewa upesi kuliko waume zao.

Kwa sababu hiyo fundi akifungua msokoto mrefu ili kurahisisha kazi ya vidole vyake, ameharibu kile ulichokinunua. Kipimo kilichowekwa ni kwamba msokoto usifunguliwe zaidi ya milimeta 13 mwishoni. Ni kama upana wa ukucha wa kidole gumba. Mtazame fundi hapo. Huhitaji elimu yo yote kuona.

Dukani kebo hizi zina madaraja. Cat 5e yapitisha mwendo wa gigabiti moja kwa sekunde hata meta 100, na kwa ofisi ndogo bado yafaa. Cat 6 ina nafasi zaidi, na katika safari fupi, hata meta 55, yaweza kuchukua gigabiti kumi. Cat 6A huchukua gigabiti kumi meta zote 100, lakini ni nene, ngumu kukunja, na bei yake ni nyingine. Sisi twamshauri mwenyekiti achukue Cat 6. Si kwamba wakulima wanahitaji mwendo huo leo, bali kazi ya kupanda darini ni ile ile kwa kebo hii au ile, wala hakuna apendaye kupanda darini mara mbili. Muuza duka akikuletea Cat 8 akasema ndiyo ya kisasa, mshukuru uendelee. Hiyo imefanywa kwa ajili ya vyumba vikubwa vya mashine, na safari yake yaishia meta 30.

Hizo meta 100 sharti zieleweke vema. Ni meta 90 za kebo iliyofungwa ukutani, na kumi za vipande laini vya mwanzo na mwisho. Wala hazipimwi kama arukavyo kunguru. Kebo hupanda ukuta, hupita darini, huzunguka mhimili, hushuka tena. Chumba kilicho meta 12 kutoka kabatini huweza kula meta 22. Basi kwa ofisi hii, yenye mahali sita pa kuunganisha (kompyuta nne, mashine ya kuchapa stakabadhi, na kisanduku cha mtandao wa hewani), nasi twashauri kila mahali ziende kebo mbili, hesabu ni 6 mara 2 mara 22, yaani meta 264. Sanduku moja la kebo lina meta 305. Zabaki meta 41. Fundi akiandika masanduku mawili, aulizwe kwa upole la pili ni la nini.

Kebo mbili kila mahali, kwani moja ikiliwa na panya kazi haisimami.

Tumefika kwenye kiini. Bwana Mwenyekiti alikuwa na busara: katika bahasha yake alitia vipande viwili vya kebo, kila kimoja shibiri moja, kimoja kutoka kwa kila fundi. Vyote viwili vimeandikwa Cat 6 katika ganda. Tulichukua wembe tukakwangua waya mmoja wa kila kipande. Cha fundi wa mjini kilikuwa chekundu mpaka ndani. Cha kijana kilikuwa chekundu juu, na chini yake cheupe kama sufuria.

Hiyo ni alumini iliyovikwa shaba. Wafanyabiashara huiita CCA, na mara nyingine herufi hizo zimechapwa kwenye ganda kwa maandishi madogo sana, mara nyingine hazikuchapwa. Viwango vya kebo za mtandao haviikubali; vyadai shaba tupu. Sababu ni hizi. Alumini hupinga umeme zaidi ya shaba, karibu mara moja na nusu kwa waya wa unene ule ule, basi safari ikiwa ndefu habari hufika zimechoka. Ni dhaifu, ukiikunja mara chache hukatika ndani ya ganda, nawe hujui ni wapi. Na jambo la tatu ni la hatari kweli. Siku hizi kebo hiyo hiyo huchukua pia umeme wa kulisha kamera za ulinzi na visanduku vya mtandao wa hewani. Umeme huo ulianza mwaka 2003 kwa wati 15 hivi, na tangu mwaka 2018 kipimo chafika wati 90. Ukipitisha umeme katika waya unaoupinga, waya hupata moto, nazo kebo nyingi zimefungwa pamoja darini juu ya mbao.

Asiye na wembe aweza kutumia mikono. Shaba ni nzito kupita alumini zaidi ya mara tatu. Inua sanduku la shaba, kisha inua la CCA: hata mtoto wa darasa la tatu atakuambia lipi ni lipi. Vipande vile tumevirudisha kwa mwenyekiti, vimekwanguliwa, wajumbe wajionee.

Sasa yule kijana. Nasikia sauti za watu wakisema, kumbe mwizi. Ndugu zangu, polepole. Bei aliyoiandika ya kebo yaonyesha kwamba alinunua kwa bei ya CCA akaandika bei ya CCA. Hakuchukua faida ya shaba. Yaelekea aliuziwa na duka kama wengi wauziwavyo, au aliogopa bei ya haki isije ikamnyima kazi. Tena tumelinganisha ujira wa mikono katika makadirio yote mawili, na ujira wake ni chini ya ule wa fundi wa mjini kwa zaidi ya theluthi. Shauri letu ni hili: mwiteni kijana mbele ya wajumbe wawili tu, si mbele ya mkutano mzima. Mwonyesheni kipande kilichokwanguliwa. Mwambieni aandike upya kwa shaba tupu, na maneno hayo mawili, shaba tupu, yawemo katika mkataba. Ofisi aifanye yeye. Kazi ya banda na ghala twataka kuisema kwa namna nyingine, na hapo fundi wa mjini ana nafasi yake.

Lakini tumalize kwanza ofisi. Juu ya plagi na soketi mafundi wengi hufanya haraka, na hapo ndipo nyumba nyingi hupata maradhi. Kebo ya ukutani ina nyaya ngumu, kila moja ni uzi mmoja wa shaba. Vile vipande laini vya kutoka ukutani hadi kompyuta vina nyaya za nyuzi nyingi nyembamba. Plagi zake si moja: meno ya plagi ya waya laini huchoma katikati ya nyuzi, na meno ya plagi ya waya mgumu huukumbatia kwa pande mbili. Ukizibadilisha zitashika leo, na baada ya miezi michache zitaachia. Afadhali kebo ya ukutani isitiwe plagi kabisa. Iishie katika soketi ya ukutani, na upande wa kabatini katika paneli ya soketi, kisha vipande laini vinunuliwe tayari vimefungwa kiwandani. Kipande laini kikivunjika, karani hubadilisha mwenyewe bila kumwita mtu.

Palipo lazima kutia plagi, mpango wa rangi ni huu, ukishika plagi ulimi wake ukiwa nyuma, meno ya dhahabu yakikuelekea upande wa juu, ukihesabu kutoka kushoto: mweupe wa chungwa, chungwa, mweupe wa kijani, buluu, mweupe wa buluu, kijani, mweupe wa kahawia, kahawia. Huu huitwa mpango wa B. Uko na mpango wa A, ambamo chungwa na kijani hubadilishana. Wote wafaa, ila jengo zima lifuate mmoja.

Huenda mtu akauliza kwa nini kijani imekaa mbali na mwenzake, buluu ikiwa katikati. Hapo mafundi wengi wa kubahatisha huona ni kosa la mwalimu, nao hupanga rangi jozi jozi kwa uzuri: chungwa, kijani, buluu, kahawia, pande zote mbili sawa. Wakitia kipimo kile kidogo cha taa nane, taa zawaka moja mpaka nane, fundi achukua fedha aenda zake. Walakini mashine hutumia tundu la tatu pamoja na la sita kuwa jozi moja. Katika mpango ule wa kubahatisha, tundu la tatu limepewa waya wa jozi hii na la sita wa jozi nyingine; msokoto haupo tena, na kelele huingia. Taa hazijui hayo, kwani taa huuliza tu kama waya umefika, haziulizi umefikaje.

Tena ganda la kebo liingie ndani ya plagi na kubanwa pamoja. Ukiona nyaya za rangi ziko uchi nje ya plagi, hiyo irudiwe.

Darini, kebo isikimbie bega kwa bega na waya wa umeme. Zikikutana zipishane kama msalaba. Isikunjwe kona kali: duara ya kona iwe na nusu kipenyo si chini ya mara nne ya unene wa kebo. Isivutwe kwa nguvu za ng'ombe; mvuto wa kilo 11 hivi ndio mwisho wake. Isipigiliwe misumari ya kubana mpaka ganda libonyee. Mahali pa panya itiwe ndani ya bomba gumu. Ganda la kijivu au la buluu ni la ndani ya nyumba; jua la mwaka mmoja au miwili hulipasua. Kabati la mashine lifungwe kwa ufunguo, liwe na matundu ya hewa, na lisiwe chini ya bati livujalo wala karibu na birika la chai.

Sasa banda na ghala. Ghala liko meta 130, basi kebo ya shaba haifiki. Banda la mizani liko meta 40, nalo kwa hesabu ya meta lafikika, na mafundi wote wawili wameandika kebo ya shaba kwenda huko. Hapo sisi twakataa kwa nguvu. Eneo la Ziwa Victoria, ambako chama hiki kipo, ni miongoni mwa mahali penye radi nyingi duniani. Waya wa shaba kati ya nyumba mbili ni njia ya radi. Haihitaji kupiga waya wenyewe; ikipiga mwembe wa jirani yatosha. Umeme huingia kwa banda, hupita katika swichi, nazo kompyuta zote za ofisini hufa kwa mpigo mmoja, pamoja na mtu aliyeshika.

Dawa yake ni faiba, yaani uzi wa kioo uchukuao mwanga badala ya umeme. Mwaka 1966 mtaalamu Charles Kao, akifanya kazi Uingereza, alionyesha kwamba kioo kikisafishwa vya kutosha chaweza kupeleka mwanga mbali sana, na mwaka 2009 akapewa tuzo ya Nobel. Mwaka huo huo wa 2009 kebo ya SEACOM, ya nyuzi hizo hizo, ilipanda pwani ya Dar es Salaam na Mombasa kutoka baharini. Basi kitu kilichovuka bahari hakishindwi na uwanja wa kahawa. Kioo hakipitishi umeme, na radi haina njia. Lakini angalieni: faiba nyingine za nje zina uzi wa chuma wa kuzitegemeza. Ninyi chukueni isiyo na chuma cho chote, itiwe ndani ya bomba na kuzikwa.

Kuunga kioo kwataka mashine ya kuyeyusha ambayo kijana hana, wala haimfai kuinunua kwa kazi moja. Mwiteni fundi wa mjini kwa siku ile moja, kijana achimbe mtaro, alaze bomba, na asimame karibu ajifunze. Watoto wasiwepo. Vipande vya kioo hicho ni vyembamba kama unywele, huingia katika ngozi na havionekani. Tena mtu asichungulie mwisho wa faiba iliyo kazini. Mwanga wake hauonekani kwa macho, nao waweza kuyaumiza.

Malipo: theluthi ya mwisho ibaki mkononi mwa mweka hazina mpaka kazi ipimwe. Mashine kamili ya kupima kebo ni ya bei kubwa, lakini huweza kukodishwa pamoja na mtu wake. Mkishindwa, kompyuta yenyewe itawaambia. Kila soketi ichomekwe kwa zamu, na kompyuta iulizwe mwendo wake. Ikisema 1000, nyaya zote nane zafanya kazi. Ikisema 100, mashine imejishusha ikitumia nyaya nne tu, maana mmoja kati ya nane haukushika. Kisha ipitishwe kazi kubwa, mathalani kunakili daftari zima la wanachama, huku mtu akitazama kama yasimama njiani. Mweka hazina na karani wa mizani wawepo wote wawili.

Mwisho, kila kebo iandikwe namba pande zote mbili, kwa wino usiofutika, siku ile ile inapolazwa. Fundi achore karatasi moja ya ramani: soketi namba fulani iko meza gani, yapita wapi darini, na bomba la faiba limezikwa kina gani na upande gani wa mwembe. Mchoro huo utiwe katika jalada la chama, na nakala yake ibandikwe ndani ya mlango wa kabati.